Maji ya Mvua Uani: Soma Dalili Kabla ya Kumwaga Zege

Mvua kubwa ikishapita Kampala, Wakiso au Mukono, wenye nyumba wengi humwita fundi wakiwa wameshaamua kazi: "Fundi, njoo unipigie zege huku nyuma, maji yamenichosha." Zege hupigwa, ua hupendeza kwa msimu mmoja, kisha maji huibukia kwingine: mlangoni mwa stoo, chini ya ukuta wa uzio, au kwa jirani wa bondeni. Dimbwi unaloliona ni mahali maji yalikoishia tu. Chanzo kiko juu zaidi, na mara nyingi sana ni paa lako mwenyewe.

Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyumenyume: dalili kwanza, kisha chanzo, kisha kazi ya kufanya. Nimekiwazia kiwanja cha kawaida cha futi 50 kwa 100 kilicho kwenye mteremko wa kilima, maana hivyo ndivyo tunavyoishi wengi wetu huku: vilima vyenye udongo mwekundu, na kila bonde lina kinamasi au kilichokuwa kinamasi.

Kabla ya jembe: toka nje mvua ikinyesha

Vaa gambuti, chukua mwavuli, uzunguke nyumba mvua ikiwa imekolea. Hakuna kipimo kinachoshinda hiki. Dakika za mwanzo zitakuonyesha maji ya paa na ya ua wako. Mvua ikiendelea, utaanza kuona maji ya jirani wa juu na ya barabara yakiingia. Jiulize mambo manne: yanaingilia wapi, yanapata kasi wapi, yanatulia wapi, yanatokea wapi. Piga kigingi kila mahali penye jibu, kwa sababu jua likiwaka utasahau.

Kisha fanya hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 50 mchana mmoja, na mvua ya namna hiyo si ngeni kwetu tunaoishi karibu na ziwa, linamwaga lita 7,500. Hayo ni madumu 375 ya lita 20. Mtu aliyeweka tangi la lita 5,000 akadhani amemaliza, tangi lake likiwa tupu litajaa kabla mvua haijakwisha, na lita zaidi ya 2,000 zitatafuta njia. Nenda ukaangalie bomba la kufurikia la tangi lako linamwaga wapi. Katika nyumba nyingi linamwaga palepale chini ya tangi, hatua moja kutoka kwenye msingi. Tatizo hilo peke yake huzaa nusu ya dalili zinazofuata.

Dalili: dimbwi halikauki hata siku mbili baada ya mvua

Chanzo kinaweza kuwa kibonde tu, au udongo uliogoma kunywa maji kwa moja ya sababu tatu, na tiba ya kimoja haifai kwa kingine. Ndiyo maana lazima uchimbe shimo la majaribio.

Chimba shimo la kina cha sentimita 30 karibu na dimbwi. Lijaze maji, yaache yanywewe, kisha lijaze tena. Weka kijiti chenye alama, usubiri saa moja. Maji yakishuka sentimita 2.5 au zaidi, udongo wako unakunywa vizuri, na dimbwi lipo kwa sababu mahali pale ni kibonde tu. Sawazisha, upe maji mahali pa kwenda. Yakishuka chini ya sentimita 1.2, udongo umegoma, na sasa unatafuta sababu ya kugoma.

Sababu ya kwanza ni udongo ulioshindiliwa. Udongo mwekundu wa miteremko yetu kwa asili unapitisha maji vizuri kuliko watu wanavyofikiri. Kinachouharibu ni ujenzi: lori la mchanga limegeuzia hapo, matofali yamepangwa hapo, zege limekorogewa hapo mwezi mzima. Halafu mwenye nyumba hutandaza udongo mweusi wa sentimita tano juu yake na kupanda pasipalumu. Nyasi huota, lakini chini yake pana sakafu. Piga mtaimbo ardhini: ukiingia kwa shida sentimita 10 za kwanza kisha ukalainika, umeshampata mhalifu. Tiba ni kulegeza udongo hadi sentimita 30, kuchanganya mboji au samadi iliyooza, kisha kutopitisha gari hapo tena. Kazi hii ni ya jasho, lakini haihitaji mfuko hata mmoja wa saruji, na ningependa kila mwenye nyumba mpya aifanye kabla ya kununua ua la kwanza.

Sababu ya pili ni tabaka la moramu, yaani changarawe nyekundu iliyoganda. Juu ya vilima vingi vya Kampala kuna kofia ya mwamba wa moramu, na udongo juu yake ni mwembamba. Ukilegeza sentimita 30 unagonga jiwe. Hapo usilazimishe maji kushuka. Yaongoze kwa mtaro mpana wa nyasi, usio na kina kirefu, mpaka upande ambao udongo una kina zaidi.

Sababu ya tatu ndiyo ngumu: maji yako chini ya miguu yako. Kama kiwanja kiko chini kabisa bondeni, chimba shimo la mita moja msimu wa mvua ukiwa umekolea, lifunike, ulitazame kesho yake kama hakujanyesha. Maji yakipanda kutoka chini, hakuna shimo la kunyonya litakalokusaidia, kwa sababu shimo lenyewe litajaa kutoka chini. Na udongo wa kijivu unaonata, wenye madoa ya kutu, unakwambia kwamba hapo palikuwa kinamasi. Panda vinavyopenda maji, kama magimbi na kana, inua njia za kupita, na usijaze kifusi zaidi. Kifusi chako kinampelekea jirani maji yale yale. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema vinamasi viko chini ya uangalizi wa dola kwa manufaa ya wananchi wote, kwa hiyo mtu anayekuuzia kiwanja cha mafunjo anakuuzia na kesi yake.

Dalili: ukuta wa nyumba una unyevu, lipu inabanduka

Usipake rangi. Soma kwanza alama ukutani.

Madoadoa mekundu hadi usawa wa goti ni matone ya paa yanayogonga udongo mtupu na kuruka. Hapo inatosha kuweka gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya bati, au ukanda wa kokoto wa upana wa nusu mita chini ya ukingo wa bati.

Mstari mmoja wa unyevu kutoka juu hadi chini ni gata lililoziba au bomba la gata lililopasuka. Majani ya mwembe na ya mfenesi huziba gata haraka. Lisafishe kabla ya Machi na kabla ya Septemba.

Unyevu wa usawa mmoja kuzunguka chumba, wenye chumvi nyeupe na lipu inayovimba kwa ndani, ni maji yanayokaa kwenye msingi. Toka nje na pimamaji. Ardhi inatakiwa iteremke kutoka ukutani, sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita tatu za kwanza. Penye peva (matofali ya kutandika uani) au zege, sentimita 2 kwa mita zinatosha. Mara nyingi utakuta kinyume chake: mtunza bustani ameinua kitalu cha maua mpaka kikafunika usawa wa sakafu ya ndani, na kila jioni anakimwagilia. Shusha kitalu hicho. Udongo wa nje ubaki chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau.

Ukishageuza mdomo wa bomba la gata mbali na ukuta, maji yanahitaji makao. Ninachopendekeza kwanza, udongo ukikubali, ni bustani ya kupokea maji: kibonde kilichochimbwa kwa makusudi, sakafu yake imesawazishwa, kimepandwa mimea, mita tatu au zaidi kutoka kwenye msingi. Chukua nusu ya paa letu, mita za mraba 75. Milimita 25 za mvua ni lita 1,875. Kibonde cha mita za mraba 12 chenye kina cha sentimita 15 kinabeba lita 1,800. Kwa hiyo kipande cha ua cha mita 3 kwa 4 kinapokea mvua ya kawaida ya upande mmoja wa nyumba. Kwa mvua kubwa kuliko hiyo, acha mlango wa kufurikia ulioimarishwa kwa mawe, upande ambao wewe umeuchagua. Usipouchagua, maji yatajichagulia.

Dalili: makorongo, nyasi zinang'oka, tope jekundu linatoka getini

Hii ndiyo dalili ninayoihofia kuliko zote, kwa sababu udongo wa juu ukishaondoka haurudi. Maji hayakati ardhi kwa wingi wake peke yake, bali kwa kukusanyika na kupata kasi. Fuata korongo hadi linapoanzia. Juu yake utakuta kitu kilichoyakusanya: mdomo wa bomba la gata, kona ya peva, njia ya miguu inayoshuka moja kwa moja, au tundu katika uzio wa jirani wa juu.

Tiba inaanzia hapo juu. Weka mawe makubwa mdomoni mwa bomba ili maji yavunjike nguvu. Njia ya miguu ipindishe, isiteremke wima. Kisha ukate mteremko kwa mistari ya usawa, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kupima kwa macho. Tengeneza pimamaji ya herufi A: fito mbili ndefu zifungwe juu, moja fupi ikatize katikati, na kamba yenye jiwe ining'inie kutoka kileleni. Iweke chini, weka alama kamba inapokatiza ufito, igeuze miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tembea nayo ukipiga vigingi, na utashangaa mstari wa usawa unavyopinda tofauti na ulivyodhani.

Kwenye mstari huo chimba mtaro na utupe udongo upande wa juu; hiyo ni fanya juu ile ile ya wakulima, na uani inafanya kazi vilevile. Tuta lipandwe mara moja, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Nyasi ya vetiva ndiyo bora, kwa sababu mizizi yake inashuka wima na haitambai kuvamia bustani. Mchaichai nao unashika vizuri na unaingia kwenye chai. Matete hushika sana udongo, lakini huwa makubwa na yanatawala. Yafaa kwa mwenye ng'ombe, si kwa ua mdogo. Sehemu zilizo wazi kati ya matuta, zifunike. Maganda ya kahawa yanapatikana katika miji mingi ya Buganda, na karanga pori zile zenye maua ya njano hutambaa na kufunika udongo chini ya miti ambako pasipalumu hukosa jua.

Makorongo ambayo tayari yapo, usiyajaze udongo mlegevu. Mvua inayofuata itaubeba. Panga vizuizi vya mawe ndani yake, katikati pakiwa chini kuliko pembeni, ili maji yapite katikati na tope libaki nyuma ya kila kizuizi. Korongo litajijaza lenyewe.

Sasa tahadhari, na ninaomba uipokee kwa uzito. Haya yote ya kunywesha ardhi maji ni ya miteremko ya wastani. Kwenye miteremko mikali ya Mlima Elgon, au Rwenzori, au mahali popote palipokatwa kilima kwa ajili ya nyumba, maji yanayoingia ardhini huongeza uzito na kuulegeza udongo. Machi 2010 kijiji cha Nametsi huko Bududa kilifukiwa baada ya mvua nyingi. Ukiona nyufa zenye umbo la mwezi mchanga juu ya mteremko, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, usichimbe mtaro wa kunywesha maji. Yatoe maji hapo kwa mfereji uliojengwa, na watu wahame chumba cha upande huo mvua ikizidi.

Dalili: ukuta wa uzio unainama

Angalia upande wa juu wa ukuta. Kama udongo umeegemea pale, maji yaliyojaa ndani ya udongo huo ndiyo yanayousukuma. Ukuta wa matofali ya kawaida haukujengwa kuzuia udongo, na ukuta ulioloa huanguka ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi juu ya watoto wa nyumba ya chini. Ukishaona umeinama au una ufa wa mlalo, mwambie jirani leo. Matundu ya kutolea maji, kila mita moja na nusu hivi, yenye kokoto nyuma yake, ni ya ukuta ambao bado umesimama wima. Uliokwisha kuinama hauhitaji matundu. Unahitaji kubomolewa kwa utaratibu na kujengwa upya kama ukuta wa kuzuia udongo, kwa ushauri wa mhandisi. Na bustani ya kupokea maji isiwekwe kamwe nyuma ya ukuta wa namna hiyo.

Dalili: getini panafurika, ua wote ukiwa na peva

Peva zilizopangwa juu ya moramu iliyoshindiliwa na kuzibwa kwa saruji hazinywi maji. Ni paa la pili, na limelala chini. Kama ua wote umeinamia getini, kalavati ndogo uliyoiweka juu ya mtaro wa barabara ndiyo inabeba kila kitu, na kavera (mifuko ya plastiki) mbili tu zinatosha kuiziba.

Ng'oa ukanda. Si lazima uondoe zote: ukanda wa upana wa mita moja kando ya uzio, ukishushwa sentimita 10 chini ya peva na kupandwa, hupokea maji kabla hayajafika getini. Gari linahitaji njia mbili za matairi tu. Katikati pabaki nyasi. Kisha safisha kalavati, na kama ni nyembamba kuliko mtaro unaoingia ndani yake, ibadilishe. Mtu wa Makerere au Mulago anayesukuma maji yake barabarani asidhani yamepotea. Yanashuka Bwaise, kwenye vyumba vya watu, kabla ya kufika kinamasi cha Lubigi. Ya upande wa katikati ya mji huingia mfereji wa Nakivubo hadi Ghuba ya Murchison, ambako mitambo ya Ggaba huvuta maji tunayokunywa.

Dalili: bustani ya kupokea maji ipo, lakini inakaa na maji au ina mbu

Mbu anahitaji takriban wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka. Kibonde kinachokauka ndani ya siku mbili hakizai mbu. Kikichukua muda mrefu zaidi, angalia sakafu: tope laini limeziba uso. Likwangue sentimita chache, legeza, ongeza mboji. Kisha utafute tope linatoka wapi, la sivyo utakwangua kila msimu. Kishimo kidogo chenye mawe mahali maji yanapoingilia hukamata tope kabla halijasambaa.

Maganda ya kahawa hayafai humu ndani. Yanaelea, yanakwenda kuziba mlango wa kufurikia. Tumia kokoto au vipande vizito vya mti. Migomba ipande ukingoni, kwa sababu inapenda unyevu lakini mizizi yake huoza ikisimama majini.

Dalili: choo au tangi la maji taka linajaa kila mvua inaponyesha

Tafuta bomba la gata lililounganishwa humo. Mafundi wengine hufanya hivyo ili kupunguza kuchimba. Litenganishe mara moja. Maji ya mvua hayana kazi katika tangi la maji taka. Kama halipo, maji ya ardhini yanaingia kwa nyufa, na unarudi kwenye lile shimo la mita moja. Shimo la kunyonya maji ya mvua likae mbali na lile la maji taka, na mita 30 kutoka kisima au chemchemi. Na wale wanaofungulia vyoo mvua ikinyesha ili mafuriko yabebe uchafu, wanawapelekea majirani wa chini kipindupindu.

Dalili: maji si yako, yanatoka kwa jirani wa juu

Hapa kazi ya mwanzo ni mazungumzo. Mwalike aje aone mvua ikinyesha. Huenda hajawahi kuona mfereji wake unakoishia. Mwonyeshe kwa simu kama hawezi kuja. Mara nyingi bomba moja likigeuzwa, tatizo linakwisha, na gharama mnaweza kuigawana.

Wakati mnazungumza, chimba mtaro wa kukatiza kwenye mpaka wako wa juu, upana wa nusu mita, ukiteremka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mtaro wa barabara, na kingo zake zipandwe nyasi. Usiuelekeze kwa jirani wa tatu. Jirani akikataa kabisa, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ukiwa na picha za mvua, vigingi vyako vikiwa bado ardhini, na mchoro wa mkono unaoonyesha maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Mwombe afike uani penyewe, na afike msimu wa mvua.